Namna ya Kubuni Mbwa-Mlinzi wa Kufikirika: Mwongozo Kamili kwa Waandishi, Wachoraji na Watunzi wa Michezo

Wengi wanaobuni kiumbe wa jamii ya mbwa anayemlinda mtu huanza na meno. Yanafuata macho mekundu, halafu ngurumo, halafu majambazi watatu wanaoraruliwa katika ukurasa wa kwanza. Kufikia sura ya tatu msomaji ameshazoea damu, na kiumbe mwenyewe amekuwa panga lenye mkia. Tatizo ni kwamba ukali umekalia kiti cha ulinzi. Mbwa mkali unamjua kwa anachofanya na meno yake. Mbwa mlinzi unamjua kwa mahali anaposimama.

Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi. Andaa daftari, penseli, kalenda ya mwezi, dadu mbili kama unatunga mchezo wa mezani, na jioni tano hivi. Usijaribu kumaliza kwa siku moja, kwa sababu hatua ya pili na ya nne zinakutaka ukakae na kumtazama mbwa halisi.

Tutajenga kiumbe mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Anaitwa mkingamo, wingi wakingamo. Jina limetoka kwenye kitenzi kukingama, yaani kukaa kwa kukatiza njia, kama gogo lililoangukia barabarani. Ukimaliza utakuwa na wako mwenye jina lake.

Hatua ya 1: Anza na anayelindwa

Usichore chochote bado. Andika kwanza ukurasa mmoja kuhusu mtu ambaye kiumbe huyu atamlinda: anafanya kazi gani, anapita wapi, saa ngapi yuko peke yake, ni kitu gani hakioni kikimjia. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Mlinzi huziba pengo la mtu fulani, na usipolijua pengo utaishia kubuni ngome inayotembea.

Mfano wetu: Mize, msichana wa miaka 17, mkulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Wanakwenda mbali kwenye maji yaliyokupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hupwa na kujaa kuliko kawaida, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, kisha wanarudi kabla bahari haijajaa. Mize anafanya kazi ameinama, uso chini, mgongo kwa bahari. Pengo lake ni mgongo wake.

Sasa chagua tishio. Kanuni yetu ni moja: liwe jambo ambalo pua au sikio litaligundua kabla ya jicho la binadamu. Tishio ambalo kila mtu analiona halihitaji mbwa. Kwa Mize tuna mawili. La kwanza ni la kawaida kabisa: maji yanaporudi, mikondo iliyo nyuma yako hujaa kabla ya mchanga uliosimama juu yake, kwa hiyo unaweza kuzungukwa ukiwa bado unakanyaga pakavu. La pili ni la kubuni: kitu cha majini kinachoita kwa sauti ya mtu unayempenda. Sauti itamhadaa Mize, ila mkingamo hatahadaika, kwa sababu shangazi anayeita hana harufu ya shangazi.

Ukiona tishio lako ni "maadui" tu, rudi nyuma. Adui asiye na njia yake ya kuja hampi mlinzi mahali pa kusimama.

Hatua ya 2: Jifunze kazi ya ulinzi kwa mbwa wanaoifanya

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na wengi huiruka.

Kuna mbwa waliokuzwa kwa vizazi vingi kulinda mifugo, mathalani Kangal wa Uturuki na Maremma wa Italia. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa aina ya Kangal na Anatolia tangu mwaka 1994, ili mbuzi na kondoo walindwe bila kuua duma. Australia, katika kisiwa cha Middle Island karibu na mji wa Warrnambool, mbweha walikuwa wamewamaliza pengwini wadogo hadi wakabaki chini ya 10. Mwaka 2006 wakaletwa mbwa aina ya Maremma kuwalinda, na pengwini wakaanza kuongezeka tena. Katika sehemu zote mbili sehemu kubwa ya kazi ya mbwa ni kuwepo, kuacha harufu yake, kubweka, na kujiweka kati ya mnyama mwindaji na kile anacholinda. Mwindaji hupiga hesabu ya hasara, kisha huondoka. Mapigano hutokea, lakini ni mwisho wa safari ndefu ya maonyo.

Safari hiyo ina ngazi, na ngazi hizo ndizo zitakazokupa mvutano wa hadithi. Mbwa halisi huanza kwa kukauka mwili. Mkia unasimama, mdomo uliokuwa wazi unafumba. Kisha hukazia macho. Kisha hunguruma, mara nyingi kwa sauti ya chini ambayo mtu aliye karibu huisikia kifuani kabla ya masikioni. Kisha hukenua meno. Kisha huuma hewa, makusudi bila kugusa. Mwisho ndipo huuma kweli. Mwandishi anayeruka kutoka kwenye utulivu hadi kuuma anapoteza nafasi tano za kumfanya msomaji asite kupumua.

Mpe kiumbe wako ngazi zake, na uzipe umbali. Za mkingamo ni hizi:

Hatua 40 kutoka kwa Mize: anasimama tuli, masikio mbele, anaacha kuhema.
Hatua 20: anahama. Anakuja kukaa kati ya Mize na kinachokuja, ubavu wake ukiwa upande wa tishio, kama jina lake linavyosema.
Hatua 8: anageuza kichwa na kunguruma. Maji yaliyo kwenye vidimbwi yanatikisika.
Hatua 2: anakenua meno na kuuma hewa mara moja. Mara moja tu.
Chini ya hapo: anashika, na haachii.

Ziandike namba zako kwenye karatasi na uziheshimu hadi mwisho wa kitabu. Msomaji akishazijua, utaweza kumtisha kwa kumwonyesha mkingamo amenyanyuka tu na kuhama. Hakuna damu iliyomwagika, na tayari moyo unadunda.

Zoezi: nenda mahali penye mbwa wa ulinzi, ukae mbali pasipo na usumbufu, uandike kwa nusu saa alikokaa kila mtu alipopita. Usiandike alibweka mara ngapi. Andika alikaa wapi, na alipohama alihamia wapi. Utashangaa mara ngapi jibu ni lilelile: kati.

Hatua ya 3: Kifungo kati ya wawili

Kiumbe anayemlinda mtu bila sababu ni mtumishi. Lazima kuwe na mwanzo wa kifungo, na mwanzo huo uwe na dirisha linaloweza kufungwa.

Kwa mbwa wa kweli dirisha hilo lipo. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 12 hadi ya 14, mtoto wa mbwa hujifunza ni nani walio "watu wake". Ndiyo maana mtoto wa mbwa wa mifugo hulazwa na mbuzi akiwa bado mdogo. Akikua huwaona mbuzi kuwa ndugu, na kumwingiza zizini akiwa mkubwa ni kazi ngumu zaidi. Chukua kanuni hiyo uipe umbo la ulimwengu wako.

Mkingamo hujifunga kwa bamvua moja hadi nyingine, siku 15 hivi. Katika siku hizo mtoto wa mkingamo hulala ndani ya mikoko, na mtu anayetaka kufungwa naye hukaa ukingoni kila maji yanapokupwa, usiku na mchana, bila kumgusa na bila kumwita. Akikosa kupwa moja, basi. Kifungo kinakamilika jino la kwanza la utoto linapong'oka na mkingamo akaliacha kwenye wayo wa yule mtu. (Mbwa huwa na meno 28 ya utoto na 42 ya ukubwani, na huanza kubadilisha akiwa na miezi 3 hadi 4, kwa hiyo mtoto wa mkingamo wa umri huo ni mnyama mdogo mwenye mapengo, kitu ambacho wachoraji wasisahau.)

Jiulize pia kifungo kinamgharimu nini kila mmoja. Kwa Mize ni usingizi wa siku 15 na minong'ono ya majirani. Kwa mkingamo ni kwamba hataweza tena kukaa mbali na mtu huyo zaidi ya mwendo wa maji mawili. Gharama ya upande mmoja tu huonekana kama zawadi, na zawadi haina hadithi.

Linaloharibika hapa mara nyingi ni hili: mwandishi humfanya kiumbe amtii mwenzake kwa kila neno. Mlinzi mzuri wakati mwingine hukataa. Mize akisema "twende" na maji yamejaa mkondoni, mkingamo hulala mbele ya miguu yake na hanyanyuki. Tukio la namna hiyo, likiwa mapema, humwambia msomaji mambo mengi kuliko mapigano matatu.

Hatua ya 4: Mwili

Kanuni: badilisha mambo matatu kwenye mbwa, yasizidi. Ukibadilisha moja unapata mbwa aliyepakwa rangi. Ukibadilisha sita, msomaji anapoteza mbwa aliyemjua, na pamoja naye anapoteza imani yote aliyokuja nayo ya bure.

Anza na vipimo. Dume la Kangal lina urefu wa sentimita 74 hadi 81 begani na uzito wa takriban kilo 50 hadi 66. Hicho ni kiasi kizuri kwa mlinzi: mzito wa kumwangusha mtu mzima, mwepesi wa kukimbia. Mkingamo tunampa sentimita 76 na kilo 58. Wanaopenda mbwa wa ukubwa wa farasi wafikirie mlo wake. Atakula nini kila siku, na nani atakitafuta? Kama huna jibu, mpunguze.

Mabadiliko yetu matatu ni utando kati ya vidole (baadhi ya mbwa wa majini wanao kweli, kwa hiyo hauonekani wa ajabu), masikio yanayojifunga anapozama, na mkia mnene wa kuendeshea majini, uliobapa kama kafi. Basi. Manyoya yake ni ya kawaida, mafupi, yenye chumvi iliyokauka kwenye ncha.

Unapochora, angalia sehemu hizi ambazo huharibika kila mara:

Mguu wa nyuma. Kile kinachoonekana kama goti lililogeuka nyuma ni kisigino. Mbwa hutembea kwa vidole, na goti lake liko juu, karibu na tumbo. Ukiweka goti mahali pa kisigino, mwili mzima utaonekana umevunjika na hutajua kwa nini.

Bega. Mbwa hana mtulinga (mfupa wa kati ya shingo na bega) unaofanya kazi kama wa binadamu. Miguu ya mbele imeshikiliwa na misuli, na inasukuma mbele na nyuma vizuri kuliko inavyotanuka pembeni. Usimchore akimkumbatia mtu kama paka anavyokumbatia mti. Akimkinga mtu, anamlalia au anamsimamia juu.

Nyayo. Mbwa wa nyumbani ana vidole 4 vinavyogusa chini na cha tano kidogo juu kwenye mguu wa mbele. Mbwa mwitu wa Afrika hana hicho cha tano. Ukitaka kiumbe wako aache nyayo zitakazomshtua mwindaji mzoefu, tofauti kama hiyo inatosha. Huna haja ya vidole saba.

Macho. Jicho la mbwa lina utando wa nyuma unaorudisha mwanga, ndiyo maana hung'aa kijani au manjano ukimmulika. Linarudisha mwanga uliopo, haliutoi. Katika giza totoro halionekani. Waandishi wanaoweka macho yanayowaka ndani ya pango lisilo na taa wanahitaji kueleza moto umetoka wapi. Tena mbwa huona vizuri buluu na manjano, na nyekundu kwake ni kama kahawia iliyofifia. Kwa hiyo mkingamo hamtambui Mize kwa kanga yake nyekundu kati ya wanawake kumi. Anamtambua kwa mwendo na harufu, na mtu mwingine akijifunga kanga hiyo, hadanganyiki hata kidogo. Hapo una tukio zima.

Masikio. Mbwa husikia hadi karibu mawimbi 45,000 kwa sekunde, na binadamu huishia 20,000. Mlinzi wako atainua kichwa kwa kitu ambacho mwenzake hatakisikia kamwe. Tumia hilo mara nyingi. Ni la bure na ni la kweli.

Joto. Mbwa hutokwa na jasho kidogo tu, kwenye nyayo, na hujipoza kwa kutweta. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Kiumbe wa manyoya mazito kwenye jua la saa saba mchana pwani hatapigana kwa muda mrefu. Atatafuta maji au kivuli. Hapa mchoraji na mwandishi wakubaliane mapema.

Hatua ya 5: Nguvu ya ajabu na mpaka wake

Sasa, na si kabla ya sasa, mpe nguvu isiyo ya kawaida. Moja. Ifungamane na mahali alipo na kazi anayofanya, na iwe na wakati inapopungua.

Nguvu ya mkingamo: akilala kwa kukatiza, maji hayampiti. Ubavu wake ni ukingo. Kwa upana wa mwili wake na hatua tatu kila upande, bahari hukoma. Urefu wa muda unategemea mwezi, na ndiyo sababu tulitaka kalenda. Bamvua huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa pwani ya Unguja hufikia karibu mita 4. Maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu, na bahari husogea kidogo. Mkingamo ana nguvu kamili wakati wa bamvua na karibu hana kabisa wakati wa maji mafu. Kati ya kujaa na kupwa ni takriban saa 6 na dakika 12, na kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi. Chagua mwezi halisi kwenye kalenda, uandike tarehe za matukio yako juu yake, na utajua papo hapo ni lini Mize yuko salama na lini hayuko. Wasomaji wa pwani watazipima saa zako. Wape zilizo sahihi.

Mtego wa hatua hii ni kuongeza nguvu kila mara hadithi inapokwama. Ikikwama, punguza nguvu badala yake. Weka pambano kwenye maji mafu.

Hatua ya 6: Mbwa katika nyumba ya Mswahili

Msomaji wako wa pwani haji na mikono mitupu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wakati huohuo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Methali inasema mchezea mbwa huingia naye msikitini, nayo haisemwi kwa kusifu.

Baadhi ya waandishi hulikwepa jambo hili kwa kuhamishia hadithi kwenye nchi ya theluji. Ni hasara kubwa, kwani sharti hili ni mali. Kama Mize hamkumbatii mkingamo wala hamlazi ndani, mapenzi yao yote lazima yaonekane kwa njia nyingine: bakuli lake la peke yake nje ya ukuta, jinsi Mize anavyopima upepo kabla ya kuketi ili mnyama apate harufu yake, jinsi mkingamo anavyojua mahali kivuli cha mlango kinapoishia na kulala hapohapo, asivuke hata ukucha. Nyanya yake Mize anaweza kumkataza katika sura ya kwanza, na katika sura ya tisa akatoka alfajiri, akaona alipolala, akasogeza bakuli karibu kidogo bila kusema neno.

Na kuna mfano wa zamani ambao msomaji huyo anaujua tangu chuoni. Katika Surat al-Kahf, aya ya 18, vijana waliokimbilia pangoni wamelala, na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Wafasiri wengi humwita Qitmir. Haumi mtu. Habweki. Miaka 300 na ziada ya 9, yuko mlangoni. Katika habari za mbwa-mlinzi sijui picha iliyo kamili kuliko hiyo, na tazama imetengenezwa na nini: mahali na mkao.

Linganisha na Kerberos wa Wagiriki, mwenye vichwa vitatu, ambaye kazi yake kubwa ni kuzuia wafu wasitoke. Huyo ni mlinzi wa gereza. Ukimtumia kama kielelezo cha mwenzi mwaminifu, hadithi itakutoka mikononi, kwa sababu yeye analinda mlango na hamlindi mtu.

Kuhusu lugha: kiumbe wako ana uhai, kwa hiyo mpe upatanisho wa viumbe hai popote atakapotokea. "Mkingamo amelala", "wakingamo wawili wamekuja", kamwe "umelala" au "imekuja". Akiwa sanamu au mchoro ndipo unaweza kubadilisha, na badiliko hilo dogo la kiambishi linaweza kuwa njia ya kuonyesha kwamba mtu fulani anamwona kama kitu. Kwa jina, tafuta kitenzi cha kile anachofanya, ukipe umbo la mtendaji au la hali, ulitamke kwa sauti mara kumi. Likikwama ulimini, msomaji hataliita.

Hatua ya 7: Kanuni za mezani

Kama unatunga mchezo, hizi zinafanya kazi kwa dadu mbili za kawaida. Waandishi wa hadithi wanaweza kupita.

Mkingamo ana uhai 12. Kila pigo humpunguzia dadu moja, yaani wastani wa 3.5, hivyo humaliza uhai wake kwa mapigo 4 hivi. Mapigo mawili yanaweza kumwua, lakini hutokea mara 1 kati ya 36. Ni tishio la kweli lisilo la kila siku.

Kujikingamisha: mwenzake akipigwa na mkingamo akiwa ndani ya hatua 3, rusha dadu mbili. Jumla ikiwa 7 au zaidi, pigo linamwendea mkingamo. Hiyo ni nafasi 21 kati ya 36, asilimia 58. Wakati wa bamvua inatosha 6, asilimia 72. Wakati wa maji mafu inahitajika 8, asilimia 42.

Ngazi: hupanda ngazi moja kila zamu, kwa mpangilio wa hatua ya pili. Mchezaji anaweza kumrusha ngazi, lakini akifanya hivyo mkingamo hasikii wito tena hadi pambano liishe. Kanuni hii ndogo ndiyo inayoleta majuto mezani.

Kupona: uhai 1 kwa kila mzunguko wa maji, takriban saa 12 na nusu. Aliyeishiwa kabisa bila kufa huhitaji siku 6 hivi.

Mambo mawili yataharibika. Kwanza, wachezaji wote watajificha nyuma yake. Dawa ni kwamba anamlinda mmoja tu. Wengine ni watu anaowavumilia. Pili, atatumwa mbele kama askari. Akiwa zaidi ya hatua 40 kutoka kwa mwenzake, mnyime ngazi zote. Huko mbele ni mbwa wa kilo 58 anayegeuka kutazama nyuma.

Hatua ya 8: Tukio la kwanza

Andika kwa mpangilio huu: kinachokoma, masikio, mahali, mwenzake, halafu tishio. Kitu kinakoma kwanza kwa sababu ukimya hufika kabla ya sauti. Tishio linakuja mwisho, na likiwezekana nusu tu.

Hivi:

"Mkingamo aliacha kutweta. Mize alifunga fundo jingine, akafunga na la pili, ndipo akagundua kwamba hasikii pumzi. Aliinua uso. Mnyama hakuwa tena pale penye vigingi. Alikuwa amelala kati yake na bahari, ubavu wazi, masikio mbele, na mchanga mbele yake ulikuwa umelowa kwa mstari ulionyooka. 'Mize,' shangazi yake aliita kutoka majini. Mkingamo hakugeuka. Alijivuta nyuma kidogo tu, hadi mgongo wake ukakaribia nyayo za Mize."

Hakuna jino lililoonekana. Vitenzi vya mbwa vipo vingi, na kila kimoja kina kazi yake: bweka ni tangazo, nguruma ni onyo, koroma ni kinyongo, kenua ni ahadi, tweta ni uchovu au joto. Usivichanganye kwa ajili ya mapambo. Na ukiona umeandika "kwa hasira" baada ya kitenzi chochote cha mnyama, kifute, uandike mwili wake ulifanya nini.

Hatua ya 9: Kifo, ukiamua kukitumia

Ufaransa ya karne ya 13 kulikuwa na habari ya mbwa Guinefort, aliyemwokoa mtoto mchanga kwa kuua nyoka. Mwenye nyumba akaona damu mdomoni mwake, akadhani amemla mtoto, akamwua. Wanakijiji wakaja kumheshimu kama mtakatifu, jambo lililomkera sana mhubiri Étienne de Bourbon aliyeliandika. Habari hii inauma kwa sababu mbwa alikufa kwa kutoeleweka, mkononi mwa wake mwenyewe. Kifo cha mlinzi anayerukia mkuki kimetumika mno, na msomaji hukiona kikija kutoka mbali. Kama lazima afe, kifo kitokane na mpaka ulioweka katika hatua ya 5 au gharama ya hatua ya 3. Kwa mkingamo ni umbali: Mize anaolewa mjini, mwendo wa zaidi ya maji mawili, na hajui bado.

Hatua ya 10: Jaribio

Chapa tukio lako la kwanza, uwape watu watatu, mmoja wao awe mtu asiyependa mbwa. Usiwaulize kama limewatisha wala kama ni zuri. Wakishasoma, ichukue karatasi yenye tukio, mpe kila mmoja karatasi tupu na penseli, umwambie achore duara kwa mtu, alama ya msalaba kwa tishio, na mstari kwa mnyama. Mstari ukiwa pembeni kwa wote watatu, rudi hatua ya 2. Ukiwa kati kwa wawili, tafuta yule wa tatu alipotea kwenye sentensi ipi, uirekebishe hiyo peke yake, kisha umpe mtu wa nne.